Namna ya kukuza klabu ya michezo ya mezani mtaani kwenu, watu wazima waje na warudi

Naandika hii kwa sababu nimeulizwa na watu wengi, kuanzia ndugu zangu wa Korogwe mpaka dada mmoja yuko Dodoma, kwamba nyie hapo Tanga mmewezaje, maana wenzenu tunaanzisha klabu watu wanakuja wiki mbili wanapotea. Sisi tulianza watu sita barazani huku Ngamiani, bao moja na drafti moja imechorwa kwa makaa kwenye kipande cha ubao, na sasa hivi Jumanne ya kawaida tunafika thelathini na kitu, wanawake karibu nusu, na hatujawahi kubandika tangazo hata moja ukutani. Mgeni kumpata ni rahisi jamani, mtu anapita anasikia vicheko anasimama. Kazi ipo kwenye Jumanne ya pili, arudi. Karibu kila kitu nitakachosema hapa ni kuhusu hiyo Jumanne ya pili.

Kwanza siku. Chagua siku moja na usiiguse tena. Jumamosi usijaribu, Jumamosi ya mtu mzima ina harusi, ina kikao cha harusi nyingine, ina arobaini ya mtu, na Jumapili kuna kanisa na mpira. Sisi tupo Jumanne, saa kumi na moja na nusu jioni mpaka saa tatu usiku. Magharibi ikiadhiniwa tunasimama, anayekwenda kusali anaenda, kete zinabaki zilivyo na hakuna anayegusa bao la mwenzie, waliobaki wanaagiza kahawa na kashata. Kitu kidogo lakini kimetuletea wazee wa msikitini ambao mwanzo walikuwa wanatuangalia kwa mbali. Ramadhani tunahamia baada ya tarawehe, na nakwambia zile ndo Jumanne bora za mwaka mzima, watu wameshafuturu, wametulia, tende zipo mezani, hakuna anayewahi kulala.

Na ukishasema Jumanne basi iwe Jumanne kweli. Masika moja mvua ilipiga mpaka barabara ikawa mto, tukajitokeza watu watatu tu, tukacheza hivyo hivyo mpaka saa tatu. Mtu mzima akitoka kazini amechoka, akapanda bodaboda, akafika akakuta pamefungwa, hata kama ni mara moja, huyo hesabu umempoteza, na hatakwambia kakasirika, atasema tu siku hizi niko bize.

Saa za kazi msicheze. Najua kuna watu wako huru asubuhi, ila kila baada ya muda viongozi wanakemea vijana wanaoshinda kwenye pool na drafti asubuhi, na hata jirani tu akikuona saa nne uko barazani na bao anakuandika mvivu, wewe na klabu yako. Jioni hakuna anayekusumbua. Na ukikutana na mtu anayesema bao ni la wasio na kazi mkumbushe kwamba Mwalimu Nyerere alikuwa mpenzi mkubwa wa bao, na sidhani kuna anayemwita yule mzee mvivu.

Halafu kamari. Hapa msimamo uwe wa chuma tangu siku ya kwanza, hakuna hela juu ya meza, hata ya soda. Soda ndo inaanzaga, wiki ya pili inakuwa elfu mbili, wiki ya tano mtu kapoteza hela ya ada ya mtoto na mke wake anakuja pale getini. Achilia mbali kwamba michezo ya kubahatisha Tanzania ina sheria yake na bodi yake, huwezi tu kuifungulia barazani bila leseni. Sisi tulimpoteza mchezaji mzuri sana wa drafti kwa sababu hii, alitaka "kunogesha", tukakataa, akaondoka na marafiki zake wawili. Iliuma. Lakini mwezi ule ule walikuja wamama watatu na mmoja alisema wazi, nimekuja kwa sababu nimesikia hapa hamchezi hela.

Sasa mahali. Baraza ni zuri kuanzia, ndo desturi yetu watu wa pwani, ukienda Unguja pale Jaws Corner unaona kahawa, bao, dhumna, na stori za dunia nzima vyote sehemu moja. Ila baraza lina kikomo, likijaa linajaa, mvua ikija mnakimbia, na dada wengi hawako tayari kukaa barabarani saa mbili usiku na wanaume wasiowajua. Tulipofika watu kumi na mbili tukatafuta mgahawa. Usiende kumwomba mwenye mgahawa nafasi kama msaada, nenda na hesabu. Muulize siku gani hana wateja. Wetu alisema Jumanne na Jumatano amekaa tu anaangalia tivii. Tukakubaliana hivi: tunakuja Jumanne, kila mtu ananunua angalau kitu kimoja, kahawa au chai au chipsi, tunakaa upande wa ndani, meza tunapanga wenyewe na kurudisha wenyewe. Mtu akija na chupa yake ya maji kutoka nyumbani akakalia kiti masaa matatu, mwongozeni taratibu, maana mwenye mgahawa akiona hasara siku moja tu mnarudi barazani. Angalia na taa, nasema kwa msisitizo, taa. Watu wa miaka hamsini hawaoni kete kwenye taa hafifu, na hawatakwambia hawaoni, watasema wamechoka. Sisi tunabeba taa mbili za kuchaji na umeme ukikatika hatusimami hata dakika.

Michezo gani uanze nayo? Watu wengi wanakosea hapa, wanaona video za watu wa Ulaya wana makabati yamejaa maboksi, wanadhani ndo klabu. Anza na kinachojulikana mtaani kwenu. Drafti haina gharama, ubao na vizibo 24 vya soda, kumi na mbili vinalala chali vingine kifudifudi, mtu yeyote anakaa. Dhumna inavuta watu kwa kelele, ila iweke meza ya mbali kabisa, ule mpigo wa dhumna mezani unarusha kete za bao mbili za jirani. Keram kama mna mtu wa kuwatengenezea ubao mzuri.

Bao ndo roho ya klabu yetu lakini ndo mchezo unaofukuza wageni kuliko yote ukifundishwa vibaya. Fikiria mgeni, umemkalisha mbele ya mashimo 32, kila mtu ana kete 22 ghalani, yaani za akiba, kumi zimepangwa, sita kwenye shimo linaloitwa nyumba na mbili mbili pembeni yake, halafu unaanza kumwambia kunamua, kutakata, mtaji, kichwa, kimbi, nyumba ikilala, nyumba ikisafiri. Macho yanamtoka. Anatikisa kichwa kwa adabu tu.

Mzee wetu mmoja, fundi kweli kweli, ndo alitutoa hapo. Yeye mgeni hampi ghala wala nyumba. Anaweka kete mbili mbili kila shimo, ubao mzima, 64 zimekwisha, wanaanza moja kwa moja kama mtaji, yaani ile hatua ya ghala kwisha. Siku moja nilimkalia pembeni nikamwangalia anavyomfundisha kijana mmoja wa duka la simu. Kijana kamwamkia, shikamoo mzee, marahaba mwanangu kaa. Hakueleza sheria hata moja. Akamwambia chota hizo, haya sambaza moja moja, kijana akawa anahesabu kwa kidole mashimo ya mbele kabla hajaachia, mzee akamshika mkono, "Mwanangu usihesabu kwa macho, achia tu, mkono utajua." Kete ya mwisho ikaangukia shimo lina kete, mbele yake kwa mzee kuna kete, mzee akasema haya kula, hizo zako sasa, anzia kichwani, yaani shimo la mwisho pembeni, safu ya mbele. Kijana akazichota za mzee kwa woga kama anaiba. Akasambaza. Ikaishia kwenye shimo tupu. "Umelala," mzee akasema, "sasa zamu yangu." Hapo tayari kijana anajua kusambaza, kula na kulala, kwa dakika tatu, na bado hajaambiwa sheria. Ghala na nyumba akaletewa wiki ya tatu, na kufikia hapo alikuwa anauliza mwenyewe ile nyumba inakaaje. Fundisheni hivyo. Mkono kwanza, maneno baadaye.

Na kete ziwe komwe jamani, zile mbegu ngumu za mkomwe, kama mnazipata. Vijiwe vinafaa, gololi hazifai, zinabingirika, lakini komwe ina uzito wake, ina mlio wake ikiangukia kwenye mninga, na mtu akishazoea ule mlio hawezi kukaa wiki bila kuusikia. Mimi nawaambia watu kabisa, nusu ya wanachama wetu wamenaswa na masikio.

Michezo ya kisasa ya kigeni tumeiingiza baadaye, na kwa kweli ndo imetuletea wanawake na vijana wa ofisini. Catan ile ya Mjerumani Klaus Teuber, ya mwaka 1995, inapendwa sana na wafanyabiashara kwa sababu ndani yake kuna kubadilishana mali, nipe matofali nikupe kondoo, mtu anapatana bei kama yuko Mgandini sokoni. Lakini inachezwa na watu watatu au wanne tu kwa boksi moja, na haya maboksi kuyapata huku ni mpaka uwe na ndugu anarudi kutoka nje akubebee. Kwahiyo usijenge klabu juu yake.

Mchezo nitakaokushauri kama una manila na kalamu tu ni Codenames, wa Vlaada Chvátil, ulitoka 2015. Sisi tumetengeneza wetu wa Kiswahili kwa mikono. Unakata vikaratasi, unaandika neno moja kila kikaratasi, tulianza na maneno mia moja, mkonge, nahodha, kanga, ndimu, daraja, mganga, bandari, na kadhalika, kila wiki watu wanaongeza. Unapanga 25 mezani, tano kwa tano. Timu mbili, kila timu ina kiongozi mmoja, viongozi wote wawili wanaangalia ramani ya siri inayoonyesha maneno yapi ni ya nani: tisa ya timu inayoanza, nane ya pili, saba ya bure, na moja ni sumu, ukiligusa hilo mmeshindwa papo hapo. Kiongozi anatoa neno moja tu na namba, basi, hakuna kukonyeza. Siku moja dada wa maabara alitoa "Pemba, tatu". Timu yake wakagusa karafuu haraka, wakagusa jahazi, la tatu wakakwama, wanabishana, wengine wanasema ni nazi, na nazi lilikuwa la wapinzani. Kulikuwa na baba mmoja kimya, ameletwa na shemeji yake, ndo mara yake ya kwanza, hajaongea toka amefika. Akasema polepole, "Fahali." Wote wakamgeukia. "Si kuna mchezo wa ng'ombe Pemba." Lilikuwa ndo lenyewe. Meza nzima ikaruka! Yule baba hajakosa Jumanne tangu siku ile, na mimi nikajifunza kwamba mchezo wa timu unampa mtu mkimya nafasi ambayo bao halimpi, kwenye bao uko peke yako na aibu yako.

Hapo kwenye aibu nikae kidogo.

Kuna jioni moja ilituharibia na mimi nilikuwepo na sikufanya kitu. Alikuja mama mmoja, mwalimu, anapenda bao toka utotoni alikuwa anamwona babu yake. Akawekwa na fundi wetu mwingine, siyo yule mzee, huyu ni kijana anayependa sifa. Akampiga bao mkononi, yaani ghala la mama bado lina kete kibao na safu yake ya mbele imeshakauka. Watu waliozunguka wakaangua kicheko, wakaanza yale maneno ya bao, kapike mama, nenda kachambue mchele. Sasa kejeli kwenye bao ni asili, wanaofahamiana wanatupiana maneno na ndo utamu wenyewe, lakini wale walikuwa hawamjui. Mama alitabasamu, akamalizia chai yake, akaaga vizuri, hakurudi. Ilinichukua miezi mitatu kumfuata na kumwomba radhi kwa niaba ya klabu, na alirudi, namshukuru sana, ila ni kwa ukarimu wake, siyo kwa uzuri wetu.

Kuanzia pale tukaweka taratibu ambazo ndo nazihesabu zimetukuza kuliko kitu kingine chochote. Kila Jumanne kuna mtu mmoja hachezi saa ya kwanza, kazi yake ni mlango. Tunapokezana, na hata fundi anapangiwa. Mgeni akiingia asimame peke yake chini ya dakika moja. Mpokeaji anamsalimia kwa heshima yake, anamuuliza jina, anampeleka meza ya wageni, siyo meza yenye nafasi. Meza ya wageni anakaa mtu mpole, na sharti lake ni kwamba mchezo wa kwanza uwe mfupi na mgeni awe amekula kete kadhaa, ashinde au asishinde siyo hoja. Mafundi hawachezi na mgeni mpaka Jumanne yake ya tatu, isipokuwa mgeni mwenyewe ameomba. Kejeli ni kwa mtu mnayeitana majina. Na kabla mgeni hajaondoka, mpokeaji anamtafuta tena na kumwambia kitu maalum cha wiki ijayo, mfano "Jumanne nitakuwekea bao na dada fulani, naye ameanza juzi". Siyo "karibu tena" ya hewani. Mtu akijua kuna mtu mahususi anamsubiri anakuja, hata akiwa amechoka.

Kwa akina dada ongezeeni haya, na msiyafanye kama upendeleo, ni ubinadamu tu. Sigara nje. Wapate viti vya ndani. Saa tatu kamili tunafunga kweli ili mtu apange safari yake, na tuna bodaboda wawili wanaojulikana, mpokeaji anahakikisha kila mmoja ameondoka na anatuma ujumbe akifika. Waume wengine mwanzo walikuja kuangalia mke anakwenda wapi. Tukawakalisha. Wawili ni wanachama sasa.

Hela. Ada yetu ni elfu moja kwa wiki, asiyekuwa nayo hatumuulizi. Inanunua kete, taa, manila, na kumpoza mhudumu anayetuvumilia. Kama kuna kitu Watanzania tunakijua ni vikoba, kwahiyo tumechukua utaratibu ule ule, sanduku lina kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, halifunguliwi mpaka wote wapo, na kila Jumanne ya mwisho wa mwezi mhazini anasoma daftari kwa sauti mbele ya watu, kimeingia nini kimetoka nini. Inachukua dakika tano. Nimeona vikundi vizuri vinakufa kwa shilingi elfu thelathini ambazo hakuna aliyeziiba, ila hakuna aliyeziandika.

Grupu la WhatsApp, kwa ufupi. Fungueni mawili. Moja la matangazo, admini peke yake anaandika, ujumbe mmoja Jumatatu jioni, na picha moja ya wiki iliyopita, picha ya mikono na kete, siyo sura, maana kuna watu hawataki bosi wao awaone. La pili la porojo, huko watu waposti wanachotaka, waombe bao, wabishane kete ya juzi. Mkichanganya, mtu mzima anaamka anakuta meseji mia mbili za gudimoning na video za siasa, anatoka kimya kimya na Jumanne hatakuja.

Mkifika watu ishirini mtaona kitu cha ajabu, mnakuwa wengi halafu raha inapungua. Marafiki wa zamani wanajifungia meza moja, wapya wanabaki na wapya. Hapo usiongeze viti tu. Sisi tunafanya bahati nasibu ya meza saa ya kwanza, kila mwanachama anayeingia anachukua kizibo kina namba kutoka kwenye kopo, unakaa namba yako, mchezo wowote uliopo hapo ndo wako. Saa ya pili unahama unakotaka. Ligi ya bao tunayo pia lakini iko Alhamisi, mbali na Jumanne, kwa sababu ushindani mkali na mgeni havikai chumba kimoja.

Kusajili msiwe na haraka, lakini mkianza kualikana na klabu za wilaya nyingine au mkitaka kuomba ukumbi wa umma, nendeni kwa afisa michezo wa halmashauri yenu awaelekeze, klabu za michezo zinasajiliwa chini ya Baraza la Michezo la Taifa. Mtahitaji katiba yenu na viongozi waliochaguliwa. Katiba yetu ina kurasa mbili na nusu, na kipengele cha mpokeaji wa mlangoni kimo humo ndani, kimeandikwa.

Na ikifika wakati ukumbi hautoshi kabisa, gawaneni. Sisi tulichelewa, tuliogopa. Wenzetu wa Pongwe walikuwa wanakuja watano kila wiki, usafiri unawamaliza, mwaka huu tukawapa bao moja, kete 64 tumezihesabu mbele yao, kopo la vizibo, seti ya vikaratasi vya maneno, na yule mama mwalimu ndo aliyejitolea kwenda nao wiki nne za kwanza akae mlangoni. Jumanne iliyopita walikuwa kumi na mmoja, na ametuma ujumbe kwamba komwe sita zimeshapotea, tumpelekee za akiba.